Msamaha Hauwafikii Mahabusu



Desemba 9, 2019, sherehe za Uhuru zilifanyika Mwanza, Uwanja wa CCM Kirumba. Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533, na habari hiyo ndiyo iliyobebwa na magazeti yote kesho yake. Lakini siku hiyohiyo zilitajwa na takwimu nyingine ambazo hazikupigiwa vigelegele. Magereza ya nchi nzima yalikuwa na watu 35,803. Wafungwa, yaani waliokwisha kuhukumiwa, walikuwa 17,547. Mahabusu walikuwa 18,256.

Zisome mara mbili hizo namba. Watu ambao mahakama ilikuwa haijasema wana kosa walikuwa wengi kuliko wale iliokwisha kuwatia hatiani. Na msamaha ule haukumgusa hata mmoja kati ya hao 18,256. Si kwamba Rais aliwanyima, hakuwa na uwezo huo. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kumsamehe mtu aliyepatikana na hatia mbele ya mahakama. Mahabusu hajapatikana na hatia. Sasa atasamehewa nini? Mwizi aliyekiri na kufungwa anaweza kutoka Desemba 9 kwa msamaha, akamwacha ndani kijana ambaye kesi yake haijaanza hata kusikilizwa.

Hiyo ndiyo mada yangu leo. Kila mara tunapozungumzia msongamano magerezani, mazungumzo yanakimbilia kwenye msamaha: watolewe wangapi, wa makosa gani, nani asiguswe. Mimi nasema tunabishana mahali pasipo na tatizo. Tanzania haifungi watu wengi. Tanzania inasubirisha watu wengi.

Tufanye hesabu ndogo. Uwezo wa magereza yetu wakati ule, kwa nafasi zilizohesabiwa rasmi, ulikuwa chini kidogo ya watu 30,000. Ukichukua wafungwa wote wa Desemba ile, wale 17,547, ukawaweka kwenye nafasi hizo, zinabaki nafasi takriban 12,000 tupu. Magereza yangekuwa na nafasi ya kupumua. Msongamano wote tunaousikia bungeni na kwenye taarifa za haki za binadamu unatokana na watu ambao bado wanasubiri kesi.

Na mwenendo wa muda mrefu unathibitisha hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 magereza yetu yalikuwa na watu zaidi ya 40,000, na wakati huo, kwa sensa ya 2002, Watanzania walikuwa kama milioni 34. Sensa ya 2022 ilituhesabu tukiwa zaidi ya milioni 61. Watu karibu wameongezeka maradufu, na idadi ya walio magerezani imepungua. Ukipima kwa kila watu 100,000, Tanzania ya 2019 ilikuwa na kama 60 gerezani, mahabusu wakiwemo. Marekani wanapita 500. Kwa hiyo anayekuja hapa na hotuba ya Wamarekani kuhusu taifa linalofunga raia wake kwa mamilioni, mwambie asante, lakini ugonjwa wetu ni mwingine na dawa yake ni nyingine.

Namba ya nchi nzima pia inaficha jambo. Gereza la kilimo huko mkoani linaweza kuwa na watu pungufu ya nafasi zake, wakati gereza la mahabusu la mjini limefurika, kwa sababu mahabusu hapelekwi mbali. Lazima awe karibu na mahakama yake. Ndiyo maana Keko na Segerea za Dar es Salaam, au Butimba ya Mwanza, zina sifa zake. Waliopitia huko wanasimulia kulala mchongoma: mnapangwa ubavu kwa ubavu, kichwa cha huyu miguuni kwa yule, na hakuna kugeuka kwa hiari yako. Nyapara akitoa amri, mstari mzima unageuka kwa pamoja. Ndoo ya kujisaidia, mtondoo, iko humohumo, na anayelala karibu nayo ni aliyeingia jana. Mwenzako mmoja akikohoa kifua kikuu, chumba kizima kinavuta hewa hiyo mpaka mlango ufunguliwe asubuhi. Na tukumbuke tena, huyu anayelala hivyo bado sheria inasema hana kosa.

Anafikaje huko? Twende Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam.

Asubuhi karandinga linaingia, watu wanashuka wamefungwa pingu wawili wawili, ndugu wamejipanga pembeni wakinyoosha shingo. Jina linaitwa. Mshtakiwa anasimama kizimbani. Wakili wa Serikali anasimama na kusema maneno ambayo kila mwandishi wa habari za mahakama anayajua kwa moyo: upelelezi wa shauri hili haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine ya kutajwa. Kama ni kesi ya mauaji au ya uhujumu uchumi, hakimu alikwisha kumwambia siku ya kwanza kwamba hatakiwi kujibu chochote, kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza shauri lake. Kwa hiyo amesimama mbele ya mahakama isiyoweza kumsikiliza, katika kesi isiyo na upelelezi. Kesi inaahirishwa siku 14. Anarudi kwenye karandinga. Yote hayo hayamalizi dakika 3. Mama yake aliyetoka Mbagala saa 11 alfajiri hakupata hata nafasi ya kumpungia mkono.

Baada ya siku 14, yaleyale. Zidisha kwa mwaka mmoja, utapata safari kama 26 za karandinga, kwa mafuta ya Serikali, askari wa Serikali, muda wa hakimu wa Serikali, na hakuna hata shahidi mmoja aliyefungua mdomo. Watu wanaosema kupunguza mahabusu ni kuwaonea huruma wahalifu wangekaa Kisutu asubuhi moja, wakahesabu fedha zinavyoteketea.

Na usidhani walala hoi peke yao ndio wanaokumbwa. James Rugemalira, mfanyabiashara wa kesi ile ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, alikamatwa Juni 2017 na kuachiwa Septemba 2021 baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuondoa shauri. Miaka minne na ushei. Masheikh wa jumuiya ya Uamsho kutoka Zanzibar walikaa miaka mingi zaidi, wakaachiwa Juni 2021 kwa namna hiyohiyo, shauri likaondolewa. Sizungumzii kama walikuwa na kosa au hawakuwa nalo, na hapo ndipo penye uchungu: hatujui na hatutajua, kwa sababu hakuna mahakama iliyotuambia. Kama walikuwa na kosa, nchi imekosa haki yake. Kama hawakuwa nalo, wao wamekosa miaka yao.

Sababu kubwa ya watu kurundikana hivi ni dhamana. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kile kifungu maarufu cha 148(5), iliorodhesha makosa ambayo mshtakiwa wake hapewi dhamana kabisa. Mauaji na uhaini, sawa, wengi tutakubaliana. Unyang'anyi wa kutumia silaha, usafirishaji wa dawa za kulevya. Na utakatishaji fedha. Hili la mwisho lina mkia mrefu. Katika miaka ile ya 2016 hadi 2021 shtaka la utakatishaji lilibandikwa kwenye kesi za kila aina, za kodi, za vibali, hata kesi ya mwandishi wa habari, na likishabandikwa tu, hakimu mikono yake imefungwa. Hawezi kupima kama mtu huyu ana nyumba, ana watoto, ana ugonjwa, atatoroka au hatatoroka. Anayeandika hati ya mashtaka ndiye anayeamua nani alale gerezani. Hakimu anasoma tu.

Mwaka 2020 shauri la Dickson Sanga lilifika Mahakama Kuu. Mei 18, majaji wakasema kifungu kile kinapingana na Katiba, kwa sababu kinamnyang'anya mtu uhuru bila mahakama kumsikiliza. Tulioifuatilia kesi ile tulidhani mambo yamebadilika. Serikali ikakata rufaa, na kwa kasi ambayo mahabusu wa Keko wangeitamani kwa kesi zao, Agosti 5 mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua. Kifungu kikarudi mahali pake. Naiheshimu Mahakama ya Rufani, na ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu Katiba inasemaje. Lakini kama sheria fulani ni ya busara au si ya busara, hilo ni la Bunge, na Bunge halijafungwa mikono na mtu.

Kuna na wale ambao dhamana yao iko wazi, na bado wako ndani. Hawa hawasemwi sana. Hakimu anasema dhamana ipo: wadhamini wawili wa kuaminika, wenye vitambulisho vya NIDA, wenye barua ya serikali ya mtaa, mmoja awe mtumishi wa umma, wasaini bondi ya shilingi milioni kadhaa. Kama kesi inahusu mali ya zaidi ya milioni 10, sheria ilitaka nusu yake iwekwe taslimu au kwa hati ya mali. Sasa kijana wa bodaboda kutoka Sikonge, yuko Dar miezi mitano, analala kwenye chumba cha kuchangia watu wanne huko Tandika. Mtumishi wa umma atampata wapi? Mwenyekiti wa mtaa mwenyewe hamjui. Amepewa dhamana kwa mdomo, akanyimwa kwa masharti, na kesi yake huenda ni ya simu ya laki moja. Atakaa miezi minane akisubiri kesi ambayo, hata akitiwa hatiani, pengine angepewa kifungo cha miezi sita au faini.

Nikisema hivi baadhi yenu mnasema: jirani zetu Kenya wametatua, Katiba yao ya 2010 imeweka dhamana kuwa haki. Ni kweli. Ibara ya 49 inasema mtuhumiwa aachiwe kwa dhamana yenye masharti ya kadiri isipokuwa pawe na sababu nzito, na ikaongeza kwamba kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu asiwekwe rumande. Maneno mazuri hayo, natamani yangekuwa yetu. Lakini magereza ya Kenya nayo yamejaa kupita uwezo wake, mahabusu ni sehemu kubwa, kwa sababu dhamana imewekwa bei na maskini hana bei hiyo. Anayeshindwa kuweka shilingi elfu kumi za Kenya analala gereza la Industrial Area, Nairobi, Katiba mkononi. Corona ilipoingia mwaka 2020, Jaji Mkuu David Maraga na wenzake walipitia majalada wakaachia wafungwa zaidi ya 4,500 kwa wiki chache, wengi wao wa makosa madogo au waliobakiza miezi michache. Kenya haikuanguka. Nilijiuliza wakati ule, na najiuliza mpaka leo: kama wangeweza kutoka kwa ajili ya virusi, walikuwa wanafanya nini ndani kabla ya virusi?

Nije kwa upande wa pili, kwa sababu upande wa pili una hoja, na hoja yake naiheshimu.

Mama aliyeporwa pochi na kukatwa panga mkononi hataki kusikia habari za dhamana. Septemba 2022 Dar es Salaam ililala roho juu kwa ajili ya panya road, magenge ya vijana wenye mapanga. Watu walikuwa wanafunga milango magharibi. Ukimwambia mkazi wa Chanika kwamba tupunguze idadi ya walio rumande, atakuuliza wewe unaishi wapi. Na malalamiko ya mtaani ni yaleyale kila siku: tunamkamata mwizi, tunampeleka kituoni, kesho yake tunakutana naye dukani anatucheka. Matokeo yake ni wananchi wenye hasira kali, tairi na petroli. Polisi wakiachia hovyo, watu hawapeleki tena mtuhumiwa kituoni. Wanammalizia njiani.

Hata msamaha wenyewe una majeraha yake. Desemba 9, 2017, Rais Magufuli alipotangaza kwamba wafungwa 8,157 wananufaika, 1,828 wakitoka siku hiyohiyo na wengine kupunguziwa vifungo, walikuwemo Nguza Viking, Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa wanatumikia kifungo cha maisha kwa kubaka watoto. Nusu ya nchi ilicheza muziki. Nusu nyingine iliuliza: na wale watoto, nani aliwauliza? Swali lile halikujibiwa, na mimi siwezi kulijibu kwa niaba yao. Ndiyo kasoro ya msamaha wa sikukuu. Unatolewa na mtu mmoja, kwa siku moja, na aliyetendewa hana kiti. Rais Samia naye Aprili 26, 2021, siku ya Muungano, alitoa msamaha kwa wafungwa 5,001. Waliotoka mara moja walikuwa 1,516, na 3,485 wakapunguziwa muda. Magereza yakapata nafuu, kisha vituo vya polisi vikaendelea na kazi yao, na nafasi zilizoachwa zikajaa. Ni kukumba maji kwenye ngalawa huku tundu liko wazi.

Lakini mkazi wa Chanika na mimi hatugombani kama anavyodhani. Yeye analalamika kwamba mwizi anatoka. Mimi nalalamika kwamba kesi haisikilizwi. Kesi ya panya road ikisikilizwa ndani ya miezi mitatu, mashahidi wakiwa bado wanakumbuka sura na panga likiwa bado na alama za vidole, mwenye kosa anafungwa na asiye na kosa anakwenda nyumbani. Ikikaa miaka minne, shahidi amehamia Geita, askari mpelelezi amehamishwa, kielelezo kimepotea, na mwenye kosa anaachiwa. Rumande ndefu ndiyo inayomtoa mwizi mwenye kosa akiwa anacheka, baada ya kumtesa na asiye na kosa.

Nchi hii ina historia ya kuamini kwamba ukali unatosha. Wazee wanaikumbuka Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963: kifungo na viboko 24, kumi na viwili siku ya kuingia na kumi na viwili siku ya kutoka, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa akitania kwamba hivyo vya kutokea ni vya kwenda kumwonyesha mkewe. Rushwa na wizi haviku­isha. Mwaka 1998 tukaweka miaka 30 kwa ubakaji. Sisemi adhabu hizo zifutwe, hasa hiyo ya ubakaji. Nasema tunajua kutunga adhabu ndefu kuliko tunavyojua kumaliza kesi.

Na zana nyingine tunazo kabatini. Sheria ya Bodi za Parole tuliitunga mwaka 1994. Sheria ya Huduma kwa Jamii tuliitunga mwaka 2002: aliyehukumiwa kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza, akikubali, kutumikia adhabu yake kwa kufagia hospitali, kupaka rangi shule, kupanda miti, akilala kwake na kulisha watoto wake. Mwizi wa kuku anazibua mtaro wa sokoni mbele ya macho ya waliomjua. Kwa maoni yangu hiyo ni aibu kubwa kuliko miezi sita ya kula ugali wa Serikali, na mtaro unazibuka. Kinachokwamisha ni vitu vidogo vidogo. Ofisa anayetakiwa kumchunguza mshtakiwa na kumpelekea hakimu taarifa hana pikipiki, na wilaya nyingine hata ofisa mwenyewe hayupo. Hakimu mwenye majalada 40 mezani anachukua njia fupi, anaandika miezi sita, anaita linalofuata.

Kuna makosa mengine ambayo nashangaa hata kwa nini bado tunayaita makosa. Uzembe na uzururaji. Sheria ile tuliirithi kwa Mwingereza, aliyeitumia kuwaondoa mjini Waafrika wasio na kazi ya mzungu. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo, zinazomkamata mtu kwa sababu tu hana kazi au hana makazi, haziendani na Mkataba wa Afrika. Mahakama hiyo ipo Arusha, kwetu, hatuhitaji hata kupanda ndege kuifuata. Na bado kijana anaweza kuzolewa kituo cha basi usiku, na kosa lake ni kukosa nauli.

Huko nje nako watu wanahangaika, tusijione peke yetu. Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ilikuwa na watuhumiwa zaidi ya 120,000 kwenye magereza yasiyoweza kuchukua hata robo yao. Mahakama za kawaida zingechukua vizazi. Wakakaa kwenye nyasi na Gacaca, mahakama za wanakijiji wenyewe, mpaka walipoifunga Juni 2012. Ina lawama zake nyingi, ila ilisikiliza kesi. Uingereza, Septemba 2024, ilikaribia kuishiwa vyumba ikaanza kuwatoa baadhi ya wafungwa baada ya kutumikia asilimia 40 tu ya vifungo vyao. Uholanzi waliosifiwa kwa kukosa wafungwa mpaka wakawapangisha Wabelgiji gereza la Tilburg, sasa wanalia hawana vyumba. Hakuna aliyemaliza.

Kwetu kazi ya kufikiri ilikwisha kufanyika. Januari 2023 Rais Samia alizindua Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, mwenyekiti wake Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huohuo taarifa ikakabidhiwa Ikulu. Tume ilizunguka, ikasikiliza, ikayasema mengi: ukamataji wa hovyo, vyombo vingi mno vyenye mamlaka ya kuweka watu ndani, mpaka wakuu wa wilaya wanaoweza kuamuru mtu akae mahabusu saa 48. Kabla yake, mwaka 2022, Bunge lilikwisha kurekebisha sheria ili kesi isifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Hatua njema, na naipongeza kwa dhati. Ila marekebisho yale yaliyaacha nje makosa makubwa, na makosa makubwa ndiyo yasiyo na dhamana, na yasiyo na dhamana ndiyo yanayojaza Segerea.

Kwa hiyo ninayoyaomba ni machache na hayahitaji gereza jipya hata moja. Hakimu arudishiwe uamuzi wa dhamana, kwa kila kosa lisilo la kuua au uhaini, apime mtu aliye mbele yake. Akitaka kumnyima, amnyime, lakini aandike sababu. Upelelezi uwekewe kikomo kwa makosa yote, na kikomo kikipita mshtakiwa atoke, na asikamatwe tena kwenye korido ya mahakama kwa hati yenye namba mpya. Mshtakiwa wa kosa dogo asiye na mdhamini aachiwe kwa kusaini mwenyewe na kuripoti kwa mtendaji wa mtaa kila wiki. Na Jeshi la Magereza litangaze kila mwezi, gereza kwa gereza, lina mahabusu wangapi na aliyekaa muda mrefu kuliko wote ana miaka mingapi. Hilo la mwisho halihitaji hata sheria. Linahitaji karatasi na gundi.

Na wewe msikilizaji, una kazi yako. Kama una ndugu, mpangaji au mfanyakazi aliyeko rumande na dhamana yake iko wazi, chukua kitambulisho chako, pitia kwa mwenyekiti wa mtaa upate barua, nenda mahakamani siku kesi inapotajwa, ukasimame. Dhamana haiuzwi, si kituoni si mahakamani, na atakayekudai fedha ya kuandika dhamana anakuibia. Halafu mbunge wako akija kuomba chochote, muulize swali moja tu: kifungu cha makosa yasiyo na dhamana kinarudi lini bungeni?